Kutoka Manhasset hadi Mulago

Mwaka 1975, Uganda ikiwa chini ya utawala wa Idi Amin, binti wa miaka mitano alitolewa huko akapelekwa jimbo la New York kupasuliwa moyo. Waliolibeba jambo lake ni wanachama wa klabu ya Rotary ya Manhasset, kitongoji cha Long Island, watu wenye biashara na kazi zao za kawaida. Alipasuliwa katika Hospitali ya St. Francis, mjini Roslyn, akapona. Wana-Rotary wale wangeweza kuishia hapo. Hawakuishia.

Mtoto huyo alifuatwa na wengine, na kazi ikajulikana kama Gift of Life. Novemba 1983, Rais Ronald Reagan na mkewe Nancy walipokuwa wakirudi kutoka Korea Kusini, walipakia watoto wawili wagonjwa wa moyo ndani ya ndege ya rais. Nao walipelekwa St. Francis.

Mwandishi wa makala haya alikuwa na mwenzake wa mtaani, Dar es Salaam, aliyekuwa akichuchumaa katikati ya kila mchezo. Hatua chache tu, kisha anachuchumaa, midomo na kucha zimegeuka samawati, anangoja pumzi irudi. Watu wazima walisema ana moyo mdogo. Huenda alikuwa na tundu moyoni na njia finyu ya damu ya kwenda mapafuni. Kuchuchumaa huisukuma damu zaidi kuelekea huko. Karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro ya moyo, na enzi hizo tumaini lilikuwa ndege ya kwenda ng'ambo. Mwenzake hakuipata.

Hata aliyeipata alilipia kwa namna yake. Mtoto aliyezoea sauti ya bibi yake aliamka wodini miongoni mwa watu asioelewa neno lao hata moja, huku nyumbani mama akikaa majuma kadhaa bila kujua kinachoendelea.

Ndiyo maana mageuzi yaliyofuata yanastahili heshima kubwa kuliko hata ile safari ya kwanza. Mwaka 2003 iliundwa Gift of Life International, na pamoja na kusafirisha watoto, nguvu nyingi zikaelekezwa katika kupeleka ujuzi: daktari mpasuaji, daktari wa usingizi, mwendeshaji wa mashine ya moyo na mapafu, na wauguzi wa chumba cha mahututi. Hao wauguzi wasidharauliwe. Moyo ukishashonwa vizuri, mtoto bado anaweza kupotea usiku uleule akikosa mtu anayejua kusoma shinikizo la damu na mkojo wake saa baada ya saa.

Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2007. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilifunguliwa mwaka 2015, na timu za wageni huja kupasua bega kwa bega na madaktari wenyeji. Mama hupanda basi, akalala jirani na wodi, akaelezwa hali ya mwanawe kwa lugha anayoielewa. Lakini foleni ni ndefu, vitanda vya mahututi ni vichache, na watoto wenye kasoro ngumu zaidi bado huandikiwa rufaa ya nje.