Choki Inayokula Umeme wa Nyumba

Jioni katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kila nyumba iwashapo vyombo vyake, taa ndefu za mrija huanza kupepesa. Wengi huziita neoni, ingawa ndani yake mna mvuke wa zebaki na gesi ya argoni. Mke wa askari mmoja wa mtaani humo alikuwa amekwisha badili mirija miwili na stata tatu kwa muda mfupi, na watoto wangali wakisoma kwa mwanga wa kuwakawaka. Fedha hizo zilikuwa za mchele.

Fundi aliyeitwa hakuugusa mrija. Alipanda mezani, akafungua kifuniko, akakielekezea kidole kile kisanduku kizito cha chuma. "Mama, kinachokula umeme wako ni hiki hapa. Sogeza mkono uone joto lake."

Alisema kweli. Gesi ikishawaka, umeme hupita kwa wingi unaozidi kuongezeka mpaka mrija uharibike, isipokuwa kiwepo cha kuuzuia. Kazi hiyo ni ya choki, yaani waya wa shaba uliozungushwa juu ya mabamba ya chuma. Lakini mrija wa wati 36 huandamana na wati kama 10 zinazopotea chokini kwa joto na mvumo. Mirija minne ikiwaka saa tano kila usiku, uniti 6 kwa mwezi hukatwa bila kumwangazia mtu.

Volti nazo zina neno lake. Umeme wa volti 220 hutosha kuwasha mrija wa mita 1.2 kwa choki ya kawaida. Marekani, ambako nyumba nyingi hutumia volti 120, iliwabidi kwanza kuzipandisha, na hapo hasara ikazidi. Bujumbura imebahatika, ila jioni volti hushuka: mrija hukataa kuwaka, stata hujaribu tena na tena, na kila jaribio hula ncha za mrija. Tena, choki isiyo na kapasita huvuta ampea 0.43, takriban mara mbili ya zile ambazo wati zake zingehitaji. Mita ya nyumbani haiihesabu ziada hiyo, bali nyaya na transfoma ya mtaa huibeba, na nyumba nyingi zikifanya hivyo volti za wote huzidi kushuka.

Balasti ya elektroni huugeuza umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kuwa wa mizunguko zaidi ya 20,000, na mrija uleule hutoa mwanga karibu uleule kwa wati 36 hivi, hesabu ya vyote viwili. Iliyo hafifu, hata hivyo, huungua umeme urudipo kwa kishindo, ilhali choki ya chuma hudumu miaka. Fundi hakuificha habari hiyo.

Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji wa mirija hii ifikapo mwisho wa 2027, kwa sababu ya zebaki. Basi mama yule akachagua taa moja ya LED ya wati 18 kwa chumba cha kusomea; choki na stata zikaondolewa. Vyumba vingine vitangoja mshahara. Mrija wa zamani ulizungushiwa gazeti, ukawekwa juu ya kabati, mbali na watoto.