Kabla ya Agosti 2027

Mwanangu, kitambulisho umeshakipata, na Mungu akikupa uhai utapiga kura yako ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa Kenya, Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, siku ambayo sina hakika kama itanikuta. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kwa kituo, maadamu mkono bado unaishika kalamu. Najua utateleza, kama alivyoteleza kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kura, lakini kuteleza si kuanguka, na wewe ni mwanangu kabla ya kura na baada yake.

Juni 2024 niliwatazama nyinyi vijana mkiusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, mkiueleza kwa lugha za nyumbani ili bibi aliyeko kijijini ajue kwamba mkate wake unatakiwa kutozwa ushuru wa asilimia 16. Wenzenu walioandamana kuupinga walilipa kwa damu, na tarehe 26 rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nilijivuna, sikufichi, ila nilibaki na neno moyoni. Muswada wa fedha hauzuki tu. Mama yake ni manifesto, na manifesto husomwa kabla ya kura. Madeni ya zamani nayo yana sehemu yake, sikatai, lakini kila ahadi inayopigiwa vigelegele uwanjani ina bili yake, na bili hiyo huja wakati wa bajeti, imeandikwa kwa lugha isiyopigiwa vigelegele na mtu.

Mwaka 2002 muungano wa NARC uliahidi elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003 milango ikafunguliwa, wakaingia watoto zaidi ya milioni moja ambao karo ilikuwa imewaweka nje, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye miaka 84, akavaa sare akaketi darasa la kwanza. Ahadi ni deni, na ile ililipwa. Lakini kwingine mwalimu mmoja alijikuta na watoto mia mbele yake, kwa kuwa karo iliondolewa kwa siku moja na mwalimu hapatikani kwa siku moja. Kisha ikaja 2013, muungano wa Jubilee ukaahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikafutwa, miaka ikapita, na ugawaji ulipoanza 2016 vilivyofika vilikuwa vishikwambi. Usiwe mwepesi wa kucheka, maana shule nyingi zilivutiwa umeme kwa sababu ya ahadi hiyo. Nataka tu ujizoeze kuuliza yale yasiyosemwa jukwaani: pesa zinatoka wapi, zitapunguzwa kwa nani, na kitu kikishazinduliwa na utepe kukatwa, nani atakiendesha mwaka wa tatu?

Tena utapewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, na watakuhimiza uzipige zote kwa chama kimoja ili usisumbuke kufikiri. Sumbuka, mwanangu. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, uone kazi zilivyogawanywa: zahanati, chekechea, masoko na barabara za kaunti ni za gavana, na polisi na shule za upili ni za serikali kuu. Mgombea urais akikuahidi zahanati ya kijijini kwenu, au mwakilishi wadi akikuahidi shule ya upili, huyo ama hajaisoma Katiba ama anadhani wewe hujaisoma.

Jioni ya mwisho wataleta pakiti ya unga na noti ya mia mbili. Sheria inamshika mtoaji na mpokeaji, ila njaa haisomi sheria, nami simhukumu mama aliyepokea unga. Wewe igawe tu hiyo mia mbili kwa miaka mitano, utaona ni kama senti kumi na moja kwa siku. Wengine watakujia kwa lugha ya ukoo, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na hao ndio wagumu zaidi, kwa sababu watakuja na sura ya mjomba wako. Wasikilize kwa adabu, kisha uwaulize bei ya mbolea itakuwa ngapi.

Usingoje chama kisicho na kasoro. Mchagua nazi hupata koroma. Chukua zile manifesto mbili tatu, chagua jambo moja linaloigusa nyumba yetu kweli, liwe dawa za hospitali au karo ya mdogo wako, ulisome hilo hadi mwisho katika kila moja, kisha uangalie waliowahi kushika madaraka walifanya nini juu yake. Dada yako akifanya hivyo hivyo akafika kwa chama kingine, mpishe, msinuniane mezani.

Najua utataka kuniuliza mimi nimekuwa nikimpigia nani miaka yote hii. Hata mama yako hajui.