Ua la Tanga Dirishani Hannover

Hapa Hannover, Novemba ikiingia, kila mwenye maua huyaingiza ndani. Desemba jua huzama saa kumi na kitu jioni, bustani zimelala, na dirisha ndilo shamba pekee linalobaki. Ukitembea mtaani ukainua macho utaviona vyungu vimepangwa nyuma ya vioo, na katika vingi kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya mviringo, yenye vinyweleo laini. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Wengi wamelikuta kwa bibi zao. Wachache wanajua kwamba Usambara ni milima, na kwamba iko Tanga.

Safari ya ua hili ilipitia mji huuhuu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani kule Tanga, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen hapa Hannover, akalieleza kitaalamu na kulipa jina la ukoo wa baron: Saintpaulia. Wasambaa na Wabondei, waliokuwa wakipita kando ya miamba yake kabla ya baron kuzaliwa, jina hilo haliwataji. Hilo bado linaniuma.

Nimelitunza kwa miaka mingi, na kila sharti lake hunirudisha Tanga. Porini hung'ang'ania miamba yenye kivuli na kuvumwani. Maji hulipitia, hayatuami. Ndiyo maana hulinywesha kwa kisahani chini ya chungu, na baada ya nusu saa humwaga yanayobaki. Maji ya baridi yakigusa majani huacha mabaka, kwa hiyo huyaacha kwanza yapate joto la chumba. Dirisha la mashariki linalifaa, jua la mchana hapana. Chungu kiwe kidogo, mizizi ibanane, hapo ndipo huchanua. Adui mkubwa ni kipasha joto kilicho chini ya dirisha, kinachokausha hewa. Chungu changu hukaa juu ya trei ya kokoto zenye maji.

Kwetu Vingunguti, Dar es Salaam, maua hukaa nje. Mama yangu anayo mbele ya nyumba, kwenye ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa: asumini, rozi, mrehani, mshubiri wa dawa. Samadi haimpi shida, maana machinjio hayako mbali na ng'ombe kutoka mnada wa Pugu hawakatiki. Jioni asumini ikifunguka, harufu yake hupambana na vumbi na moshi wa mkaa. Wapitaji husimama. "Shikamoo mama, naomba tawi." "Marahaba mwanangu, kata hapo chini ya kifundo." Nusu ya asumini za uchochoro ule zimetoka kwenye ndoo zake.

Ndani ni habari nyingine. Sebuleni utakuta maua ya plastiki ya Kariakoo juu ya kabati la televisheni, yanafutwa vumbi kila Ijumaa. Simlaumu mtu. Bati likiwaka saa nane mchana, pazia limefungwa, na chumba cha kupanga kimebeba kitanda, jiko na nguo za watu watano, mmea ukae wapi?

Nikipima nyumba zangu mbili, Hannover imenipa kitu ambacho Vingunguti sikukihitaji: kiumbe hai cha kukiangalia kila asubuhi katika miezi ya giza. Lakini hapa hakuna aliyewahi kugonga mlango akaniomba jani. Ua langu nalijua mimi peke yangu. La mama linajulikana na mtaa mzima, na kwangu hilo lina uzito zaidi.

Ndiyo maana nataka ua la Usambara lifike kwake. Jani langu siwezi kulitia begini tu: mmea unaoingia nchini unahitaji kibali na cheti cha afya, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Naona ni haki, wadudu na magonjwa hupanda ndege kama sisi. Tena hakuna haja ya kulitoa Ulaya wakati asili yake iko Tanga. Jani moja likichomekwa kwenye udongo mwepesi, wenye unyevu, huota mizizi na kuzaa vichipukizi kadhaa, bila kung'oa shina hata moja msituni, ambako miti inakatwa na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Vitalu vya Muheza au Lushoto vinaweza kuifanya kazi hiyo kwa ruhusa ya wahifadhi, na wauza maua wa kando ya barabara Dar wakaliuza kwa jina la Tanga. Lianzie kwenye aina za miamba ya chokaa iliyo karibu na pwani, zilizozoea joto, si za milimani juu.

Mama nimemweleza kwa simu. Swali la kwanza: linanukia? Halinukii. Akaguna, kwake ua lisilonukia ni nusu ya ua. La pili lilikuwa maji, kwa sababu bomba likikatika hununua kwa ndoo. Nikamwambia kikombe kimoja kwa siku kadhaa kinatosha, na nafasi anayo: ukumbini, karibu na mlango wa uani, penye mwanga lakini jua halifiki. Akasema basi liletwe, ila yawe mawili, maana la kwanza litaombwa.