Wathibiti ubora wakiondoka, sabuni ya chooni inabaki?

Ujumbe huwa mfupi. Unaingia jioni kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, au mtoto anarudi nao mdomoni: kesho kila mwanafunzi aje na ufagio na maji, sare iwe safi, nywele zinyolewe. Mzazi aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji maelezo zaidi. Wageni wanakuja.

Wageni hao ni wathibiti ubora wa shule, ambao wazazi wengi wa leo waliwafahamu utotoni kwa jina la wakaguzi. Wiki ya kuwasubiri, shule hubadilika. Nyasi hufyekwa, mawe yanayozunguka bustani hupakwa chokaa, na walimu hukesha wakikamilisha maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. Vibuyu chirizi vilivyokauka hujazwa maji. Choo kilichokuwa na kufuli hufunguliwa.

Si jambo la kushangaza. Hata nyumbani, mgeni akija vikombe vizuri hutoka kabatini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kwa mzazi mwenye mtoto darasani, la kujiuliza ni kama mwenyeji anapona kabisa au anapata nafuu ya siku mbili tu.

Mama mmoja mkoani Pwani, mwenye binti wa darasa la tano katika shule ya serikali, alifikishwa kwenye swali hilo na chupa ya maji. Kila asubuhi aliijaza na kuiweka kwenye begi la mtoto. Kila jioni ilirudi imejaa. Alidhani binti anasahau kunywa, akamgombeza mara kadhaa. Baadaye mtoto akaanza kulalamika maumivu chini ya kitovu na kukojoa kidogo kidogo huku analia. Zahanati walipima mkojo, wakakuta maambukizi katika njia ya mkojo, wakampa dawa.

Muuguzi ndiye aliyeuliza jambo ambalo mama hakuwahi kuliuliza: "Ukiwa shuleni, unakwenda chooni?"

Mtoto akasema haendi. Choo kinanuka, mlango hauna komeo, wavulana wanachungulia, na maji ya kunawa hayapo. Alishagundua njia yake mwenyewe: asipokunywa maji, anaweza kuvumilia hadi afike nyumbani.

Watoto wengi wana njia kama hiyo, na mwili huilipia. Mkojo unaokaa muda mrefu kwenye kibofu huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Wasichana huathirika zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Anayebana haja kubwa kila siku hupata choo kigumu, kisha huogopa zaidi kwenda. Asiyekunywa maji kutwa nzima huumwa kichwa, husinzia na kushindwa kufuatilia somo, na mwalimu anaweza kumwona mvivu. Msichana akishavunja ungo, choo kisicho na mlango wala maji humfanya abaki nyumbani siku za hedhi.

Binti huyo alikuwa amemaliza dawa shule ilipoanza maandalizi ya kuwapokea wathibiti. Siku moja alirudi mbio. "Mama, leo chooni kuna sabuni!" Mama alifurahi, kisha akakasirika. Kama sabuni iliwezekana kwa ajili ya wageni, mwanawe aliuguaje kwa kukosa choo cha kuingia?

Hasira hiyo angeweza kuimalizia kwa mwalimu mkuu. Lakini mjumbe mmoja wa kamati ya shule alimwomba kwanza apige hesabu. Kiwango kilichozoeleka cha ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo Sh6,000 huingia shuleni, nyingine ni za vitabu. Shule yenye watoto 700 hupata Sh4.2 milioni kwa mwaka, yaani Sh350,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi, mitihani, michezo na ukarabati. Mwalimu mkuu anayenunua sabuni wiki ya ukaguzi pekee mara nyingi anapeleka shilingi chache alizonazo mahali anapojua zitaonekana.

Hapo ndipo wazazi wanapotakiwa kuuelewa ukaguzi wenyewe. Kiunzi cha Uthibiti Ubora wa Shule cha mwaka 2017 hakitazami madaftari ya walimu pekee. Kina maeneo sita: matokeo ya ujifunzaji wa wanafunzi, ubora wa ufundishaji, ubora wa mtaala, uongozi na utawala, mazingira ya shule na athari zake kwa ustawi, afya na usalama wa watoto, na ushiriki wa jamii. Choo kimo katika eneo la tano. Mzazi yumo katika eneo la sita.

Maana yake ni kwamba wathibiti hawaji kumvizia mwalimu. Wanakuja kuona shule inahitaji nini ili halmashauri na wizara zijue. Shule ikificha tundu la choo lililojaa, au ikiazima madawati ya shule jirani, inaandikiwa taarifa ya shule nyingine. Mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka kwamba ilihitaji msaada, kwa kuwa kwenye karatasi ilikuwa nzima.

Hata kuhesabu si kazi ya wataalamu pekee. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 350 inahitaji matundu 18. Mzazi yeyote anaweza kuuliza idadi ya wasichana, akazunguka nyuma ya madarasa, akahesabu milango na kutoa.

Mama wa binti yule alifanya hivyo. Akaomba nafasi katika mkutano wa wazazi uliofanyika baada ya wathibiti kuondoka. Hakumtaja mwalimu yeyote. Alisema mwanawe aliugua kwa kubana mkojo, kisha akauliza mambo mawili: taarifa ya wathibiti imesema nini kuhusu vyoo, na sabuni ya Jumatatu ijayo inatoka wapi?

Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Kisha mama wa pili akasimama, akasema hata chupa ya mwanawe hurudi imejaa. Baba mmoja, seremala, akasema komeo la mlango ni kazi ya nusu saa.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Milango ya choo cha wasichana ilitiwa makomeo kwa ndani. Sabuni ya unga ilianza kuyeyushwa kwenye chupa za maji na kutundikwa pembeni ya vibuyu chirizi, jambo linalopunguza gharama na wizi wa vipande vya sabuni. Mwalimu wa afya akapanga zamu za kujaza maji. Wazazi wanaoweza huchangia kwa hiari, na mkutano ulikubaliana kwamba asiyetoa hasumbuliwi, kwani Serikali imekataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Matundu mapya bado. Kamati imepeleka ombi halmashauri, safari hii likiambatana na taarifa ya wathibiti.

Mzazi ambaye shule ya mwanawe inajiandaa kwa ukaguzi ana kazi tatu. Ya kwanza ni kumwambia mtoto kwamba akiulizwa na wageni, aseme kweli kwa adabu. Hamchongei mwalimu wake. Ya pili ni kuomba kamati ya shule isome taarifa mbele ya wazazi, kwa lugha wanayoielewa, pamoja na mpango wa kurekebisha kila kasoro na jina la atakayehusika. Ya tatu ni kupita shuleni siku ya kawaida, mwezi mmoja baada ya wageni kuondoka, na kutazama kama maji na sabuni vipo.

Na jioni, kabla ya kuuliza umepata ngapi kwenye hesabu, ashike chupa ya maji aone kama imepungua.