Uvimbe Baada ya Kung'oa Jino



Jumapili moja baada ya ibada, mwanakwaya mwenzangu anayekaanga samaki pale Feri alinisimamisha mlangoni. Siku mbili nyuma alikuwa ameng'olewa gego la chini. "Dada nesi, mbona shavu linavimba?" Nilikuwa nakimbilia kikao cha akina mama. Bila hata kumtazama mdomoni nikamjibu, "Ni kawaida hiyo, sukutua maji ya chumvi."

Jumanne asubuhi nilipokwenda Feri kununua samaki, karai lake halikuwepo. "Mwenzetu hata mate hayamezi," wakaniambia. Nikapanda kwenda kwake Kariakoo. Nilimkuta ameketi, maana akilala pumzi zinakata. Chini ya kidevu amevimba pande zote mbili, pagumu kama ubao. Ulimi umeinuka, mate yanamdondoka. Mumewe alikuwa anachemsha maji ya kumkanda.

"Shemeji, acha maji. Tafuta teksi!"

Muhimbili walimpasua chini ya kidevu kutoa usaha, wakamtundikia dawa za mshipa. Walipompima damu, sukari ilikuwa juu. Hakuwahi kujua kwamba ana kisukari, ugonjwa unaopunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu.

Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Mjerumani, Ludwig, mwaka 1836. Vijidudu kutoka kwenye mizizi ya magego ya chini hupenya chini ya ulimi na taya. Uvimbe huusukuma ulimi juu na nyuma mpaka njia ya hewa inaziba. Mtu aweza kufa katika muda wa saa chache.

Mama mwenzangu, baada ya kung'oa jino, maumivu na uvimbe vinapaswa kuanza kupungua baada ya siku ya pili au ya tatu. Vikizidi, rudi kwa daktari. Ukiona homa, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, au uvimbe umeshuka shingoni, kimbilia hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani ukangoja. Na kabla ya kung'oa, mweleze daktari kama una kisukari au una mimba.

Alipopata nafuu nilimwomba msamaha. Alinishika mkono tu, kwa kuwa kuongea kulikuwa bado kunamuuma. Leo amerudi kwenye kwaya, na kovu lipo chini ya kidevu. Nami sasa, mtu akiniita mlangoni mwa kanisa, nasimama. Kikao kitaningoja.