Kituo Kisicho na Kituo

Neno kituo lina maana mbili kwa Mswahili wa leo. Kwa malenga, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, pale pumzi inaposhuka na maana ikatua. Kwa kijana wa mtaani, kituo ni redio: masafa yenye namba yake baina ya 88 na 108, na sauti isiyolala. Maneno ni pacha, lakini tabia zao zimeachana njia panda.

Mwaka 1951 visiwa vya Zanzibar vilipopata Sauti ya Unguja, redio ilikuwa mali ya dola, na msemaji wake akihesabiwa mwalimu wa lugha hata pasi na yeye kutaka. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Tanzania ilitunga sheria mpya ya utangazaji mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikasikika kutoka Dar es Salaam. Nairobi nayo ikaipata Capital FM mwaka 1996. Tangu hapo hewa imekuwa na bei. Mawimbi ya FM hayaendi mbali, mlima huyazuia. Ila bahari haina kilima, na ndiyo maana aliyekaa barazani Unguja huvinasa vituo vya Dar es Salaam kana kwamba studio iko Malindi, mtaa wa pili.

Si haki kumlaumu mtangazaji kabla ya kuijua kazi yake. Mwenye kipindi cha asubuhi huamka alfajiri wakati wavuvi wanarudi. Anachokiuza si wimbo wala habari. Anauza sikio la msikilizaji, na mnunuzi ni mdhamini wa kipindi. Kwa hiyo kimya ni hasara. Sekunde chache tu za kunyamaza, na msikilizaji amekwisha kuhamia kwa jirani. Basi hukijaza kimya hicho: kicheko, mzaha, kipande cha Kiingereza, mlio wa tangazo, kisha kicheko tena. Si kwamba Kiswahili hakijui. Hapewi nafasi ya kukitafuta.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Mombasa aliyefariki Februari 2025, alikianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 katika redio ya taifa ya Kenya. Akisimulia kitendo, kisha akiuliza swali, na jibu akimwachia msikilizaji nyumbani kwake. Swali lile lilihitaji kimya baada yake ili lifanye kazi. Mtangazaji wa leo huenda akauliza swali zuri kama lile, lakini kabla halijafika moyoni, sabuni imekwisha kusifiwa.

Hata hivyo, hoja ya kwamba ushairi hauna nafasi katika redio ya biashara haisimami ikipimwa. Muuza bidhaa ana mizani yake, na mshairi ana yake. Tangazo la kawaida huchukua sekunde 30. Ubeti wa shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani 16, una mizani 64. Ukisomwa kwa utulivu huisha kabla ya sekunde hizo. Kinachokosekana si muda. Kinachokosekana ni mtu wa kuulipia.

Na washairi wasijitoe lawamani. Redio za zamani zilimpenda msemaji fasaha na zikamnyamazisha asiyekuwa fasaha. Vituo vya FM vimemfungulia simu mama lishe, mchukuzi na mvuvi, naye akazungumza kwa lafudhi ya kwao, Kipemba au Kimakunduchi, bila ya kusahihishwa. Hilo ni jambo kubwa. Mshairi anayeisusia FM huwasusia hao hao ambao babu zao walikesha kusikiliza tenzi.

Haitakiwi redio irudi ilikotoka. Linalotakiwa ni dogo: mtangazaji mmoja, asubuhi moja, asome ubeti mmoja, afike kituoni, kisha asiseme kitu kwa muda wa pumzi moja. Mdhamini hatafilisika. Na huko majumbani, mtu aliyeshika kikombe cha chai atakiweka chini, asikilize ule unyamavu, na ajue kwamba kuna mtu aliyemwamini kuwa anaweza kungoja.