Almari ya Mvule

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Methali hii nimeifundisha kwa miaka kumi na minane, na muda wote huo nilidhani nimeielewa. Kumbe sikuwa nimeielewa mpaka siku nilipolazimika kuchagua baina ya kabati jipya la dukani na almari kuukuu aliyoiacha marehemu baba yangu.

Walimu wenzangu watanielewa upesi nikisema kwamba shida yangu ilikuwa ya karatasi. Nyumba yangu hapa Jinja ni ndogo, na kila pembe ilijaa madaftari ya wanafunzi, mitihani ya miaka iliyopita, kamusi na vitabu vya fasihi. Vyote nilivipanga sakafuni katika maboksi. Msimu mmoja wa mvua mchwa walipanda, wakaingia katika boksi nililowekea methali nilizozikusanya kwa wazee kwa muda wa miaka sita. Nilipolifungua nilikuta majalada tu. Katikati palikuwa na udongo. Siku hiyo niliazimia kutafuta pa kuwekea vitabu vyangu kwa heshima.

Kwanza nilikwenda madukani. Makabati yalipangwa mbele yangu yaking'aa kama maji. Lakini nilipoligonga moja kwa kidole, lilitoa sauti ya karatasi. Halikuwa mbao, lilikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, kisha likavishwa ngozi nyembamba yenye sura ya mti. Jirani yangu alikuwa nalo moja la namna hiyo. Baada ya mvua za mwaka mmoja lilivimba miguuni kama mkate uliochovywa katika chai, na bawaba zake zikang'oka.

Wakati huohuo ndugu zangu nami tulikuwa tukigawana vitu vya baba. Miongoni mwavyo ilikuwamo almari ndefu ya mvule, yenye milango miwili na droo tatu chini. Kaka yangu alikwisha kumpata mfanyabiashara wa samani za kale kutoka Kampala, naye alitaja bei nzuri. Niliomba wiki mbili za kufikiri, nikamwita fundi seremala ambaye aliwahi kututengenezea madawati shuleni.

Fundi yule hakuitazama almari mbele. Alianza nyuma. "Mwalimu," aliniambia, "mbele ya kabati ni uso wa bibi harusi; kila mtu huupamba. Tazama mgongo na tumbo." Alizivuta droo zote, akazipindua. Alinionyesha jinsi pembe zake zilivyokatwa mfano wa mkia wa njiwa, mbao zikaingiliana bila hata msumari mmoja. Alinionyesha kwamba ubavu mzima ulikuwa ubao mmoja mpana, ambao leo si rahisi kuupata, kwa kuwa mivule mikubwa ya Busoga imekatwa mno. Akanieleza kwamba moyo wa mvule huwashinda mchwa, na kwamba mara nyingine ndani yake hujificha jiwe la chokaa linalovunja makali ya randa. Ubao wake huanza kwa rangi ya manjano, kisha huiva mwaka hata mwaka mpaka ukawa wa kahawia. Rangi hiyo ya kuiva, alisema, ndiyo umri wa kitu, na anayeipiga msasa yote ili iwe mpya hujiibia mwenyewe.

Palikuwa na matundu madogo ya wadudu katika ubao wa nyuma, ambao haukuwa wa mvule. Niliogopa. Fundi akatandika karatasi nyeupe chini yake, akasema tungoje siku tatu. Iwapo ungelianguka unga mpya, mweupe, basi wadudu wangali hai. Karatasi ilibaki safi. Mwisho alipima mlango wa nyumba yangu, jambo ambalo mimi sikulikumbuka kabisa. Almari isingepita, lakini alinionyesha skrubu nne zilizounganisha sehemu ya juu na ya chini, kwa maana waliotengeneza samani za zamani walijua kwamba nyumba huhamwa.

Ilikuwa katika kuzipindua droo ndipo tulipoona maandishi. Chini ya droo ya mwisho, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na mistari mitatu ya herufi za Kigujarati.

Wasomaji wapenzi, katika nyumba yetu almari ile haikuwa na historia. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba ilitoka wapi, naye alijibu neno moja: "Tuliipata." Sasa mimi ni mwalimu wa lugha, na najua kwamba kitenzi hicho humtaja aliyepata, kikamficha aliyetoa. Nilimwendea mama. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba yako aliinunua kwa askari mmoja, barazani, mwaka 1973. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Na wakati ule, mwanangu, nani angeuliza?"

Mambo ya wakati ule yanajulikana. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku tisini. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao wazee wao walifika pwani hii tangu siku za reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mafundi seremala ambao mikono yao ndiyo iliyotengeneza samani za namna hii. Waliondoka na mizigo michache. Maduka, nyumba na vilivyomo vilibaki. Mjini kwetu hadi leo majengo ya barabara kuu yangali yameandikwa juu ya vipaji vyao majina ya waliyoyajenga na miaka ya kujengwa. Majengo yalikuwa na majina. Almari haikuwa nalo.

Nilinakili maandishi yale, nikayapeleka kwa mzee mmoja wa Kihindi aliye miongoni mwa waliorudi katika miaka ya 1990. Alivaa miwani, akasoma polepole, akanifasiria kwa Kiswahili: "Shuka sita. Foronya nane. Nguo za mtoto, za kuhifadhi." Hapakuwa na jina. "Hii ni hesabu ya mama wa nyumba," alisema. Nilimwuliza kama naye aliacha vitu. "Niliacha almari," alijibu. "Niliporudi sikuiuliza." Kisha akaniuliza kama nyumba yangu inavuja.

Nilirudi darasani nikiwa na mawazo mengi. Juma lile tulikuwa tukisoma maneno ya mkopo, nami nikaamua kutumia vyombo vya kuhifadhia kama mfano. Sanduku tumelipata kwa Waarabu. Kasha na bweta tumevipata kwa Wareno. Kabati limetoka kwa Waingereza. Almari ni neno la Kireno lililopitia Bara Hindi kabla ya kutufikia. Hata yale makasha ya Zanzibar yenye njumu za shaba, ambayo wengi huyadhani ni ya Kiarabu, mengi yalitengenezwa Bara Hindi yakaletwa kwa majahazi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, basi sisi hatuna chetu?" Nikamjibu kwamba neno lina baraka yake: anayetupa neno habaki bila neno. Wareno bado wanalo lao, nasi tunalo letu. Nilipokuwa nikisema hivyo nilifahamu kilichokuwa kikinisumbua. Almari si neno. Mmoja akiipata, mwingine ameikosa.

Je, niikatae? Kuikataa kungeipeleka kwa mfanyabiashara, naye angeipiga msasa, akaiuza kwa mtu wa mbali, na mistari ile mitatu ingefutika. Niipokee? Kuipokea kimya kungekuwa kurudia lile neno la baba. Baba yangu sikumhukumu. Alikuwa karani kijana katika siku za hofu, na fedha alizitoa, ijapokuwa alimpa asiyekuwa mwenyewe. Lakini mimi ninaishi katika siku ambazo mtu anaweza kuuliza, na asiyeuliza leo hana udhuru.

Kaka yangu alipochoka kusubiri aliniambia, "Ya kale hayanuki." Sikubishana naye. Nilivuta ile droo ya chini, nikaipindua, nikamsomea. Alitazama penseli ile kwa muda, akasema, "Nguo za mtoto." Kisha tukapatana: mimi niichukue almari, na sehemu yake katika bei ya mfanyabiashara nimlipe kidogo kidogo kwa miezi minane. Nimekwisha kumlipa.

Leo vitabu vyangu vimesimama ndani yake, na mchwa hawajaigusa. Nimeipaka nta ya nyuki tu, na njia za droo nimezisugua kwa mshumaa ili ziteleze. Ndani ya mlango wa kulia nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono: ilinunuliwa barazani Jinja mwaka 1973, kwa nani na nani, wenyewe walikuwa watu walioondoshwa mwaka 1972, na tafsiri ya mistari yao mitatu. Akitokea mwenye haki ya kuidai, ataikuta imetunzwa, na mlango wangu ni wazi.

Ikiwa nanyi mnatafuta samani za kale, shikeni maneno ya fundi: pindueni droo, tazameni mgongo, tandikeni karatasi nyeupe, pimeni milango yenu. Nami naongeza moja. Mwulizeni muuzaji ilitoka kwa nani, na jibu likiwa "tuliipata," ulizeni tena.